Ushindi wa Pointi Moja Nao Uulizwe: Barua ya Wazi kwa Mashabiki Wenzangu wa Carlton

Ndugu zangu wa Carlton,

Nawaandikia nyinyi mnaozungumza Kiswahili na kuvaa bluu ya Carlton hapa Melbourne. Wengi wetu tulifika nchi hii mapenzi yetu ya soka yakiwa na mwenyewe tayari: huyu Yanga, yule Gor Mahia, mwingine TP Mazembe. Tukaukuta huu mpira wa Australia wenye umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, uwanja wa duara lililovutwa, tukasema hatutauelewa kamwe. Leo watoto wetu wanautungua hewani kwenye viwanja vya mitaa, na sisi wenyewe hatulali Carlton ikifungwa. Ninyi ndio mlionifundisha kuupenda. Ndiyo maana siandiki kwa kejeli. Naandika kwa heshima, lakini nimekasirika.

Kinachonikasirisha si kufungwa. Timu ikifungwa sote tunaongea, kila mtu kocha, na mjadala unakwenda hadi usiku. Ninalolalamikia ni kile kinachotokea tukishinda vibaya mwanzoni mwa msimu. Tunashinda kwa pointi moja, kwa pointi tano, tumechezewa robo mbili nzima, tumeponea chupuchupu, halafu anayesema "jamani, leo hatukucheza" anaambiwa akae chini. "Pointi nne muhimu!" mnasema, kama watangazaji wa nyumbani wanavyosema pointi tatu muhimu. Nimeitwa mleta nuksi. Nimeitwa mamluki wa Collingwood, na hilo kwa shabiki wa Carlton mnajua uzito wake. Msimu mpya unakaribia. Kabla king'ora cha kwanza hakijalia, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

1. Pointi nne haziishii kwenye pointi nne.

Nianze na hesabu, kwa sababu hisia zangu mmeshazikataa. Katika ligi ya AFL ushindi ni pointi nne na sare ni mbili. Timu zikilingana pointi, kinachozitenganisha ni asilimia: unachukua jumla ya pointi ulizofunga uwanjani msimu mzima, unazigawanya kwa ulizofungwa, unazidisha mara mia. Maana yake kila goli unaloruhusu dakika za mwisho, hata katika mechi uliyoshinda, linaandikwa na linakusubiri.

Sasa mrudi nami mwaka 2022, mwaka wa kwanza wa Michael Voss kama kocha wetu. Raundi ya pili tuliwapiga Western Bulldogs kwa pointi 12. Raundi ya tatu tukakutana na Hawthorn. Tuliongoza kwa zaidi ya magoli matano, na goli moja ni pointi sita. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Wakatufuata goli kwa goli, tukawa tunapiga mpira popote ili mradi uondoke, na king'ora kilipolia tulikuwa tumeshinda kwa pointi moja. Mmoja wenu alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Mechi tatu, ushindi mara tatu! Nikauliza: zile pointi thelathini na ushei zimekwenda wapi? Nikajibiwa kwamba Aprili si mwezi wa kuuliza maswali.

Baada ya raundi ya kumi tulikuwa tumeshinda mechi nane na kufungwa mbili tu. Mwisho wa msimu tulikuwa na ushindi 12 na vipigo 10, pointi 48. Western Bulldogs nao walikuwa na pointi 48. Wao asilimia 108.9, sisi 108.3. Wao wakachukua nafasi ya nane na kuingia mechi za fainali za Septemba. Sisi wa tisa, tukaenda nyumbani.

Kaeni na tofauti hiyo kidogo. Sehemu sita za kumi za asilimia moja. Kwa kiasi cha pointi tulizofungwa mwaka ule, hayo ni kama magoli mawili. Magoli mawili katika mechi 22! Sote tunakumbuka siku ya mwisho, tulipofungwa na Collingwood kwa pointi moja pale uwanja wa MCG, na wiki iliyotangulia tulipofungwa na Melbourne kwa pointi tano. Tulilia kwa ajili ya mechi hizo mbili, na tulikuwa na haki. Lakini magoli mawili yaliyotukosesha yalikuwa ndani ya mechi ya Hawthorn pia, ile tuliyoimbia wimbo wa klabu huku tunacheka. Tuliyaacha pale, yapata miezi mitano mapema, na aliyeyaona akanyamazishwa.

2. Ubao wa matokeo unaweza kukudanganya, hasa katika mchezo huu.

Wazee wangu, mnaujua mchezo kuliko mimi, kwa hiyo hili nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine. Kila upande wa uwanja una milingoti minne. Mpira ukipita kati ya miwili mirefu ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, pembeni, unapata pointi moja. Kwa hiyo timu inaweza kutawala, ikafika golini mara nyingi zaidi, na bado ikafungwa kwa sababu mguu uliteleza pembeni.

Septemba 2023 tuliwatoa Melbourne kwa 73 kwa 71. Usiku ule nilishangilia kama ninyi na sijutii hata kidogo, maana fainali ni fainali, hakuna kesho. Lakini tazameni hesabu yake: sisi magoli 11 na pointi saba za pembeni, wao magoli tisa na pointi 17 za pembeni. Walipata alama mara 26, sisi mara 18. Wangetuma mpira mmoja tu ndani badala ya pembeni, msimu wetu ungeishia pale. Shabiki anayesoma 73 kwa 71 peke yake anajua nani alishinda. Hajajua nani alicheza.

Mechi ya Septemba ikiisha hivyo, unashukuru Mungu na unasonga mbele. Mechi ya Machi ikiisha hivyo una muda wa kutengeneza, na ndiyo sababu nasema Machi ndio mwezi wa kuuliza.

3. Machi 2024.

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipokomaa, na naomba niueleze kama ulivyokuwa.

Tarehe 8 Machi tulikwenda Gabba, nyumbani kwa Brisbane, waliotutoa hatua moja kabla ya fainali kuu mwaka uliotangulia. Robo ya pili tulikuwa nyuma kwa pointi 46. Tukarudi, tukashinda 86 kwa 85. Ule ulikuwa ujasiri wa kweli, sitauchafua. Wiki iliyofuata, mbele ya watu zaidi ya 80,000 pale MCG, tukawafunga Richmond kwa pointi tano. Ushindi mara mbili, jumla ya tofauti pointi sita.

Tulikuwa nyumbani kwa mwenzetu upande wa magharibi wa jiji, chai mezani, sambusa zimebaki mbili. Nikasema mambo matatu. Nikasema Richmond hii ni timu inayojengwa upya chini ya kocha mpya, na imetufikisha kwenye pumzi ya mwisho. Nikasema mechi mbili mfululizo tumeanza au tumemaliza kama watu waliolala. Nikasema Brisbane walituongoza kwa pointi 46 kwa sababu waliingia katikati yetu kama mlango uko wazi, na kurudi kwetu hakukuufunga mlango huo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia, "Mwanangu, ushindi ni ushindi. Kunywa chai." Wakacheka. Nikanywa chai.

Richmond wale wale walimaliza msimu wakiwa mkiani, na ushindi wa mechi mbili tu mwaka mzima. Brisbane tuliowafunga walipoteza mechi zao tatu za kwanza. Sisi katikati ya msimu tulikuwa nafasi ya pili na kila mmoja wenu alikuwa akinikumbusha chai. Kisha tukaporomoka mpaka nafasi ya nane. Septemba ratiba ikaturudisha Gabba, kwa Brisbane walewale. Walifunga 60 kabla sisi hatujapata hata pointi moja. Sitini kwa bila! Mwisho ulikuwa 99 kwa 71, na hizo 71 ni za kufuta aibu. Wiki tatu baadaye Brisbane walichukua ubingwa kwa kuwafunga Sydney 120 kwa 60.

Basi nani aliusoma vizuri usiku wa tarehe 8 Machi? Msimamo wa ligi ulisema sisi. Uchezaji ulisema wao. Sisemi nilijua Brisbane watakuwa mabingwa, hakuna aliyejua. Nasema mlango niliouona wazi Machi ndio waliopitia Septemba, na katika chumba chetu ilikuwa mwiko kuutaja.

4. Najua mtaniambia habari za Collingwood.

Mmeshaniambia mara nyingi, na ni hoja nzuri kuliko zote mlizonazo. Collingwood, mahasimu wetu wa jadi, walishinda mechi za tofauti ndogo moja baada ya nyingine mwaka 2022, na 2023 wakachukua ubingwa kwa 90 kwa 86 dhidi ya Brisbane, wakiwa wamefunga magoli machache kuliko waliowafunga: 12 kwa 13. Wiki moja kabla yake waliwatoa GWS kwa 58 kwa 57. Kwa hiyo, mnasema, kushinda kwa tofauti ndogo ni kipaji.

Inawezekana ni kipaji. Lakini someni 2022 yote. Collingwood, Sydney na Melbourne walimaliza na ushindi 16 kila mmoja. Sydney walikuwa na asilimia 127.9. Collingwood 104.3. Watu walisema asilimia hiyo haina maana kwa timu inayojua kushinda. Hatua moja kabla ya fainali kuu wakakutana na Sydney wenyewe, wakafungwa 95 kwa 94. Pointi moja ile ile waliyoishi nayo mwaka mzima ikawageuka. Mwaka uliofuata hawakutegemea dakika za mwisho pekee. Walimaliza kileleni mwa msimamo. Waliofanikiwa kwa tofauti ndogo walikuwa timu iliyokuwa bora wiki kwa wiki, na hapo ndipo zile pointi nne za mwisho wa fainali zilipowafaa. Msinipe nusu ya hadithi ya jirani ili nisiiangalie nyumba yetu.

5. Tabia haikai ndani ya ushindi milele.

Machi 2025, mechi ya kwanza ya msimu, Richmond tena, MCG tena. Tukaongoza kwa pointi 41. Tukafungwa kwa 13. Na wale walikuwa vijana wa timu iliyotoka mkiani. Baadhi yenu mlisema hamjawahi kuona kitu kama hicho. Mlikuwa mmekiona! Mlikiona dhidi ya Hawthorn mwaka 2022, ila kile kiliishia pointi moja upande wetu, kwa hiyo hamkukipa jina. Tulifungwa mechi nne za kwanza, tukamaliza wa 11. Mwisho wa mwaka Charlie Curnow akaenda Sydney, Tom De Koning na Jack Silvagni wakaenda St Kilda. Silvagni, ndugu zangu! Jina ambalo klabu hii imelivaa kwa vizazi vitatu.

Ubingwa wetu wa mwisho ni wa 1995. Tuna 16, sawa na Essendon na Collingwood, na kila kijana aliyezaliwa baada ya mwaka ule anazisikia hadithi zake kama anavyosikia habari za babu asiyewahi kumwona. Klabu ina wanachama zaidi ya laki moja. Nahodha wetu Patrick Cripps ametwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, mara mbili, 2022 na 2024, na hajacheza hata fainali kuu moja. Muda wake unakwisha. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya mpaka Agosti.

6. Na sisi wakosoaji tuna letu.

Hili ni fupi lakini sitaliruka. Wapo upande wangu wanaodhani kukosoa ni kumtukana kijana wa miaka 19 aliyedondosha mpira. Nchi hii ilimzomea Adam Goodes, Mwaborijini, mshindi wa Brownlow mara mbili, mpaka akaacha mchezo mwaka 2015. Ligi na klabu zote 18 zikaomba radhi mwaka 2019, akiwa ameshaondoka. Sisi Waafrika tunaona Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma, akicheza Port Adelaide, na tuna watoto wetu wanaotaka kumfuata. Kelele za jukwaani zinaanza na "amekosea" na zinafika mahali tunapopajua. Anayevuka hapo asijiite mwenzangu katika barua hii. Ninachotaka kiulizwe ni mchezo: nani alimlinda nani, kwa nini mpira wa katikati ulikuwa wao, kwa nini tuliacha kukimbia robo ya nne.

Basi, ombi langu kwenu ni hili.

Naomba kuanzia mechi ya kwanza, tukishinda, kabla ya kuzima televisheni tuitazame robo ya nne tena, yote, sote pamoja. Si vipande vya magoli. Robo nzima. Ni dakika 20 na nyongeza zake. Tunatumia zaidi ya hizo kubishana nani alileta sambusa baridi.

Naomba mmoja wetu, awe kijana mwenye hesabu nzuri, aandike kwenye daftari vitu vitatu kila wiki: mara ngapi tumepata alama na mara ngapi wao, tuliongoza kwa ngapi tulipoongoza zaidi, na tofauti ya mwisho. Raundi ya sita tutakuwa na kitu bora cha kubishania kuliko sauti ya aliye mkubwa.

Naomba wenye kadi za uanachama waende kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Klabu ni ya wanachama; wakurugenzi wanasimama mbele yetu. Waulizwe kwa adabu kuhusu mechi tulizoshinda vibaya, si zile tulizofungwa tu. Uongozi unajua jinsi ya kujibu baada ya kipigo, una maneno yake tayari. Baada ya ushindi wa pointi moja hakuna anayeuliza, kwa hiyo hakuna anayejibu.

Na kwenu wazee, nawaomba kwa magoti. Neno lenu linafunga mjadala. Mzee akisema "ushindi ni ushindi," hakuna kijana atakayethubutu kufungua mdomo, na sisi ndivyo tulivyolelewa. Tafadhali lihifadhini neno hilo kwa Septemba. Mwezi Machi semeni, "Haya, tumeshinda. Sasa nani ameona kasoro?" Mkilisema ninyi, vijana watasema waliyoyaona, na wanaona mengi, maana wao wanaucheza mchezo huu na sisi tunautazama tu.

Msimu unaanza. Huenda tukashinda mechi ya kwanza kwa pointi moja baada ya kuongoza kwa arobaini. Nitashangilia pamoja nanyi, nitaimba wimbo wa klabu hadi mwisho, kisha nitanyoosha mkono. Naomba safari hii mniache nimalize sentensi.

Ni mimi, mwenzenu wa jezi ya bluu,
Melbourne.